Mwenye Kuta Mbili Atangulie

Siku nne sasa silali vizuri, na kinachoninyima usingizi ni safu moja kwenye kompyuta ya ofisini. Kichwa cha safu hiyo kinasomeka "Hali ya ndoa". Nimeajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, msaidizi wa ofisa utumishi kwenye shamba moja la maua huku Meru. Barua ya kwanza yenye uzito kuletwa mezani kwangu inasema kuwa oda za waridi kutoka nje zimeshuka, kwa hiyo niandae majina thelathini ya watu wa kupunguzwa, yawe tayari Ijumaa. Vigezo vimeshapangwa. Hali ya ndoa ni kigezo cha pili.

Nikikataa, nitaondolewa mimi na mwingine ataandika majina yale yale. Nikikubali, nitakuwa nimefanya kwa mkono wangu jambo ambalo nimelichukia tangu nikiwa kidato cha tano. Kisha najiuliza kama kulichukia jambo ni sifa, au ni starehe tu ya mtu ambaye hajawahi kuombwa alifanye. Nikifika hapo naanza upya.

Kila nikianza upya, namwona mtu mmoja. Ni jirani yetu wa Kikwe, aliyeifanya kazi hii miaka mingi kabla yangu, bila kompyuta wala shahada. Sote tulimwita Supavaiza. Wafanyakazi walimwita hivyo kwa sababu alikuwa msimamizi wa banda la kufungashia maua. Sisi watoto tulimwita hivyo kwa sababu wazazi wetu walimwita hivyo. Na mume wake, nilimsikia kwa masikio yangu, alimwita hivyo pia.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa rula. Alijua toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati ni sentimita ngapi, na alipanga waridi kwa kulaza shina juu ya mkono ule. "Hamsini. Sitini. Hili fupi, tupa." Alipima kila kitu hivyo: kitambaa cha sare, mahindi shambani, mguu wa mtoto anayehitaji viatu. Kwenye msiba wa babu yetu nilimwona ameulaza mkono juu ya msalaba wa kaburi, kisha akatikisa kichwa kama vile haufiki daraja la kuuzwa. Nyumbani kwake hapakuwa na ua hata moja. Ua wake wote ulikuwa migomba, maharage na boma la ng'ombe wawili. Mtu akimuuliza, alijibu, "Maua ni kazi. Wewe nyumbani kwako unaweka meza ya ofisi?"

Kanisani alikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Ijumaa alikuwa amewaondoa watu kazini. Jumapili anasimama bega kwa bega na baadhi yao, wote wameshika kitabu kimoja, wanaimba. Nilikuwa naangalia nani atakosea noti. Yeye hakukosea.

Kazi ya maua ina misimu yake. Kuna miezi wazungu wananunua mpaka watu wanafunga maboksi wakiwa wamesimama wanakula, na kuna miezi shina linakauka kwenye maji. Miezi hiyo ya pili ofisi ilimpa Supavaiza namba. Namba tu: toa kumi, toa kumi na tano. Mashamba mengine watu walijua hatima yao kwa kukuta jina lao halipo ubaoni. Yeye alikataa utaratibu huo. Alisema ni kumwua mtu kwa mgongo. Yeye alikwenda nyumbani kwa kila mtu, Jumamosi mchana, kwa miguu, amefunga kitenge safi, ana kilo ya sukari kwenye mfuko wa karatasi. Aliketi, alikunywa chai, aliuliza habari za watoto na mifugo, halafu akasema.

Kwa hiyo Kikwe watu hawakusema fulani amepunguzwa. Walisema amepewa sukari.

Sidhani kama alijua mwanzoni sukari yake imepata maana gani. Baadaye alijua, kwa sababu milango ilianza kufungwa. Mtoto anatumwa mlangoni kusema, "Mama hayupo," na sauti ya mama inasikika uani ikimtuma mtoto aseme hayupo. Kuna dada mmoja alikuwa amejifungua, Supavaiza akaenda kumpa hongera, na kwa desturi mzazi haendewi mikono mitupu. Yule dada alipoona mfuko wa karatasi aliangua kilio, mama mkwe akatoka jikoni na mwiko, na ikachukua muda mrefu kueleweshana kwamba sukari hii ni ya uji.

"Sasa niwaletee nini?" Supavaiza alimlalamikia mama yangu siku hiyo, amesimama kwenye uzio wetu. "Chumvi?"

"Usije kabisa," mama alimjibu. "Tutakupenda ukiwa mbali."

Walicheka wote wawili. Wakati huo mama alikuwa anafanya kazi chini yake mwaka wa tisa, anakata miiba na majani kabla maua hayajafungwa, na walikuwa wanataniana.

Jambo ambalo ofisi haikuwahi kumpa ni kigezo. Alikitunga mwenyewe, na alikitamka mara nyingi mpaka watu wakakichukua kama andiko. "Mwenye mume ana kuta mbili," alisema. "Asiye na mume ana ukuta mmoja. Upepo ukija, mwenye kuta mbili atangulie kutoka." Wakiisha wake za watu, walifuata vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, maana "kijana akilala njaa anaamka". Wajane na walioachwa walibaki mpaka mwisho. Wanaume, wapiga dawa na watu wa pampu, hakuwagusa kabisa. Niliwahi kumsikia akieleza hilo kwa mwinjilisti wetu aliyeuliza kwa upole kama ni haki. Alisema, "Mwanamke akikosa kazi, nyumba inakosa mboga. Mwanamume akikosa kazi, nyumba inakosa mboga na mwanamke anapigwa. Nichague hasara ipi?"

Nimeifikiria kauli hiyo kwa miaka. Nimejaribu kuikuta na kosa kwenye kila kona, na kila mara nakuta kwamba ina kosa kila kona na bado sina jibu la haraka.

Kigezo kilipojulikana, ndoa zilianza kufichwa. Pete zilivuliwa getini na kufungwa kwenye ncha ya khanga. Wanawake waliokuwa wanajivunia harusi za kanisani walianza kusema wanaishi kwa kaka zao. Mmoja alitangaza kuwa mume wake alikwenda machimboni akapotea, ilhali mume yule alikuwa anamsubiri kila jioni barabarani na pikipiki.

"Yule ni nani?" Supavaiza alimuuliza.

"Shemeji yangu."

"Shemeji."

"Ndiyo, Supavaiza."

"Shemeji ndiye aliyekuja na sweta lako jana mvua ilipotaka kunyesha?"

"Ana huruma sana, Supavaiza."

"Mwambie basi avue kofia ngumu nimsalimie. Tumekaa naye kipaimara darasa moja, anadhani nimemsahau?"

Banda zima lilikufa kwa kicheko. Jumamosi iliyofuata yule dada alipewa sukari.

Lakini ningesema uongo kama ningeishia hapo. Kulikuwa na binti wa miaka kumi na tisa, kibarua, aliyepata mimba msimu mbaya. Ofisi ilikuwa haitaki kuona tumbo kwenye banda. Haikuandikwa popote ila kila mtu alijua. Supavaiza alimhamishia chumba cha baridi, pale maua yanapohifadhiwa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege, ambako kila anayeingia huvaa koti kubwa lililojazwa pamba. Ndani ya koti lile wote ni wajawazito. Alimficha humo miezi mitano, akimpelekea chai ya tangawizi na kumruhusu atoke kila baada ya muda aote jua nyuma ya banda. Binti akajifungua salama. Alipomtaja baba wa mtoto, na baba akakubali, wakaenda kwa wazee, Supavaiza akampa sukari mwezi huo huo. Alikuwa ameshapata ukuta wa pili.

Hapo ndipo sikumwelewa, na bado.

Kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mume. Tulimwona alfajiri akitoa mavi ya ng'ombe, basi. Aliwahi kuwa fundi kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani, akakaa. Hakunywa, hakupiga, hakufanya chochote. Supavaiza ndiye aliyenunua viberiti vya nyumba ile. Alijua kuliko mtu yeyote katika Kikwe kwamba mume anaweza kuwa ukuta uliochorwa kwa chaki. Hata hivyo aliwahesabia wenzake kuta, na yake hakuna aliyethubutu kuihesabu, ila mama yangu, mara moja.

Ilikuwa mwaka ule ndege ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa. Shule zilifungwa, nikarudi nyumbani. Waridi husafiri kwa ndege. Ndege zikikaa chini, waridi ni majani. Nakumbuka matrekta yakimwaga maua shimoni, mekundu kabisa, na ng'ombe wa jirani wakiyanusa na kuyaacha. Safari hii ofisi haikusema toa kumi. Ilisema bakiza kumi.

Alikuja kwetu Jumamosi. Mama aliuona mfuko wa karatasi tangu njiani, akamwekea kiti, akampa chai. Nilikuwa naosha vyombo karibu, nasikia kila kitu.

"Mama Eli," alisema, "wewe una kuta mbili."

Mama aligeuka akatazama mlango wa chumbani. Baba alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Watu hawajui kwamba mtalii anapanda na jiko, na mpishi, na mayai yake. Juzi yake tu baba alikuwa ameteremka na sufuria zake zote mgongoni, akaziweka chini ya kitanda, akasema hakuna hata mgeni mmoja aliyebaki na haijulikani watarudi lini. Alikuwa amelala ndani muda ule ule, mchana kweupe. Ugonjwa ulioangusha ua ndio ulioangusha mlima, ndani ya wiki moja. Kuta zetu mbili zilikuwa zimejengwa juu ya msingi mmoja, na msingi ulikuwa ni mgeni anayekuja kwa ndege.

"Na zako ni ngapi?" mama aliuliza.

"Nini?"

"Kuta zako wewe, Supavaiza. Zihesabu, nasikiliza."

Supavaiza aliinua kikombe, akakuta kimekwisha, akakirudisha. "Usiniingilie nyumbani kwangu, Mama Eli."

"Mbona wewe umekaa kwangu?" Mama alisukuma ule mfuko wa karatasi kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza. "Sukari hupelekwa msibani. Mwenye kosa huleta jani la sale akaomba radhi. Chukua sukari yako, ukipata sale utarudi."

Aliondoka nayo. Hakurudi na sale.

Tulivyoishi mwaka ule sitaki kueleza sana. Mama alilima vibarua kwenye mashamba ya watu ambao wenyewe walikuwa hawana cha kulipa, mara nyingine kwa debe la mahindi. Kaka yangu Eli alikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi. Aliacha ili mimi nimalize kidato cha sita, kwa maelezo kwamba nina akili zaidi. Mpaka leo anauza vipuri vya pikipiki Kaloleni na hajawahi kuniambia neno baya, jambo ambalo ni gumu kuliko kama angelisema.

Kilichonichoma kilikuja baadaye. Wageni walirudi, na baba akaitwa na kampuni ile ile, kwa kazi ile ile. Mpishi mwenye umri wa miaka hamsini walimwita mzoefu. Ndege ziliporudi, shamba la maua nalo liliajiri. Mama alikwenda getini na wenzake wa zamani siku tatu mfululizo. Walichukuliwa wasichana wa chini ya miaka ishirini na mitano, mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mama alikuwa na arobaini na nne. Yeye aliambiwa ana macho ya kuchoka. Wakati wa kutoka alitangulizwa kwa sababu ana mume. Wakati wa kuingia alirudishwa kwa sababu ana miaka.

Supavaiza naye hakudumu. Mabinti wapya walipozoea, ofisi ilileta mashine ya kupanga waridi kwa urefu, ikamwambia akapumzike. Hakuna aliyemfuata nyumbani. Alikuta jina lake halipo ubaoni.

Jumatano wiki hii nilikwenda kwake. Nilijiambia nakwenda kuuliza utaratibu, lakini nadhani nilikwenda nikitaka mtu wa kumlaumu awe mbele yangu, ana uso. Alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Amekonda zaidi. Mume wake alikuwa kwenye boma la ng'ombe, akaniinulia mkono.

"Shikamoo, Supavaiza."

"Marahaba. Kaa hapo, kigoda hicho kina mguu mbovu, egemea upande huu. Nimesikia umepata kazi kule. Wamekuweka wapi?"

"Ofisini. Utumishi."

Aliacha kuchambua. "Wamekupa namba."

"Thelathini."

"Mwezi huu siyo mbaya sana," alisema, kama mtu anayekadiria mvua.

Nikamweleza habari ya safu. Kwamba hali ya ndoa iko kwenye kompyuta sasa, kigezo cha pili, na kwamba sijui nani aliiweka lakini najua ilikotoka. Alinitazama. Na hapa sitamsingizia: alifurahi. Kidogo tu, pembeni ya mdomo, kama mtu aliyesikia mbegu yake inapandwa mbali. Kisha akajishtukia akifurahi, akarudi kwenye maharage.

"Ile niliitunga," alisema. "Ofisi haikuniuliza kwa nini. Mimi ndiye niliyetaka kuwa na kwa nini. Unaingia nyumbani kwa mtu unamtoa kazini, lazima uwe na neno mdomoni."

"Ulijua kuwa mlima umefungwa? Siku ile ulipokuja kwetu?"

"Sikujua. Mimi nilikuwa najua waridi."

"Ungemuuliza mama."

"Kuuliza!" Alicheka, kicheko kikavu. "Nani alikuwa anaulizwa, mwanangu? Ofisi hainiulizi mimi, mimi nimuulize mama yako? Nilikuwa nakaa kitandani Ijumaa na daftari, nawaweka watu wangu mmoja mmoja, nawaonea huruma. Asubuhi nawapelekea imeshakwisha."

"Ulikuwa unalala?"

"Nililala. Ukishapata sababu nzuri unalala vizuri sana."

Nilichota maharage kidogo nikamsaidia kuchambua. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali njiani, na yote yalikuwa yameisha bila kutumika. Nilipoinuka kuaga, alinishika kifundo cha mkono.

"Mkwe wangu yuko kule, meza ya kufunga. Aliolewa na mtoto wangu mdogo. Mtoto mwenyewe unamjua, ni kama baba yake. Kwenye hiyo safu andika hana mume."

Sikuamini. "Supavaiza."

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Na wengine thelathini?"

"Wengine si wakwe zangu," alisema.

Nilitembea mpaka barabarani nikiwa na hasira iliyokuwa imechanganyika na kitu kingine. Alikuwa ameniomba nidanganye dhidi ya kanuni yake mwenyewe. Kanuni ile ilifanya kazi kwa nyumba ambazo mtunzi wake hazijui. Nyumba ya mkwe wake aliijua, basi kwa nyumba hiyo kanuni ikafa papo hapo. Na mimi, majina yale thelathini, nilijua nyumba ya nani? Nilijua umri, namba ya ajira na hali ya ndoa. Ningekaa na safu zangu kama yeye na daftari lake, ningepata sababu nzuri, ya kisomi zaidi, ningelala.

Alhamisi asubuhi nilimwambia meneja kwamba sheria ya kazi inataka wafanyakazi wapewe taarifa na wasikilizwe kabla majina hayajachaguliwa. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani wa mwaka wa pili na nikapata alama zote. Hakukasirika. Alisema, "Tutakaa nao. Wewe niletee majina kwanza, tukae nao tukiwa na kitu mkononi."

Nikarudi mezani. Nikachapa ile barua, nakala moja. Nikafikiri kodi ya chumba, nikamfikiri Eli na vipuri vyake, nikafikiri kwamba huenda nakosea na kwamba kukosea kwangu kutawagharimu wengine. Nilikuwa bado nafikiri nilipojikuta nimeshafika banda la kufungashia. Ilikuwa saa nne, wakati wa chai. Wapiga dawa walikuwa upande mmoja, kina mama na wasichana upande mwingine, vikombe vya plastiki mikononi.

"Dada ofisa!" msichana mmoja aliita. "Leo umepotea njia?"

"Au amekuja kutuchagulia wachumba," mwingine akadakia. Wakacheka.

Nilipanda juu ya kreti ili hata walio nyuma wanisikie. Niliwasomea barua yote bila kuruka: oda zilizoshuka, namba ya thelathini, vigezo, safu ya ndoa, na mstari wa mwisho, ule unaosema yaliyomo yasiwafikie wafanyakazi.